Shemeji Alipochagua Farasi

Mwenyekiti wa klabu ya sataranji alikuwa mtu wa kujisikia hata akiwa peke yake bafuni. Fainali ilipomkutanisha na shemeji yake, daktari wa meno aliyekuwa kaka wa mkewe, alicheka ukumbi mzima ukamsikia.

"Leo nacheza nimefumba jicho moja," alisema, akimkonyeza mkewe aliyekaa safu ya mbele.

Daktari alikaa upande wa kete nyeusi. Miaka yote alikuwa akimsikia bwana huyu akimwita dada yake kichwa maji mbele ya wageni. Sasa alimtazama kama anavyotazama jino bovu: halimtishi, halimhuzunishi, ila litang'oka.

Mchezo ulikuwa haujachangamka alipomtoa kafara askari wake katikati ya ubao. Mwenyekiti akamla papo hapo.

"Kwenu hamjui kutunza vitu?"

"Kula tu, shemeji."

Akala kweli. Askari mwingine mweusi alikuwa akipenya, lakini mwenyekiti hakumjali. Aliona askofu wa bure, akamnyakua huku akijilamba midomo. Yule askari akamtisha mfalme mweupe, mfalme akasogea mbele, askari akala farasi na kufika mstari wa mwisho. Hapo hugeuzwa kete yoyote, na karibu kila mtu huchukua malkia.

"Farasi," alisema daktari.

Mwenyekiti alipiga meza kwa kicheko. "Chukua malkia, shemeji! Nakuruhusu. Loo, ukoo mzima vichwa maji!"

"Nimesema farasi. Na anamshambulia mfalme wako."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Alimla farasi kwa ngome yake, na askofu mweusi wa pili akachomoka, akamlenga mfalme. Nyuma ya mfalme, kwenye mstari uleule, alisimama malkia wake. Mfalme akikwepa tu, malkia kaliwa.

Alilaumu taa. Akalaumu kiti. Mwisho akamlaza mfalme wake ubaoni, mkono asitoe.

"Umebahatisha."

"Nimebahatisha nini? Wewe hukucheza, ulikuwa unakula tu."

Safu ya mbele mtu alicheka mpaka akajifuta machozi. Mwenyekiti akageuka.

"Unacheka nini wewe?"

"Nakucheka wewe," alijibu mkewe.

Mwenyekiti alitoka akaenda kukaa garini, akawa anapiga honi. Ndani, wale ndugu wawili walikuwa wanajimiminia chai, na hakuna aliyeinuka.