Magugu Yahamia Dukani

Asubuhi hiyo Mama Pacha alijaza maji bomba la mgongoni, akamimina dawa ya magugu nusu kifuniko badala ya vifuniko viwili, maana chupa ilitakiwa ifike mwisho wa msimu. Alipopulizia, magugu yalitandaza majani, yakanywa, yakajinyoosha. Moja lilicheua.

"Wifi, hiyo ni dawa au uji?" aliuliza dada wa marehemu mumewe, akichungulia juu ya ua. "Mbona yananenepa?"

Mama Pacha hakucheka. Mahindi yalikuwa yamezama kwenye magugu hadi kiunoni, na shemeji yake alishasema waziwazi: mjane akishindwa palizi mwaka huu, shamba linapewa mwingine.

Kila msimu alibadilisha dawa kama muuza pembejeo alivyomshauri. Alianza na ya kifuniko chekundu, ikaja ya bluu, sasa hii yenye picha ya simba. Chupa ilipokauka hakununua nyingine. Alichukua jembe.

Magugu yalivumilia kiu hadi Ijumaa. Kisha yaling'oka yenyewe, yakakung'uta mizizi ili yasiondoke na udongo wa watu, yakashika njia ya dukani, yakijibana pembeni kupisha baiskeli.

Mama Pacha aliyafuata. Aliyakuta yameketi barazani kwa muuza pembejeo, yanafungua chupa. Nyekundu, bluu, simba, zote yalizimimina kwenye beseni moja na kunywa bila kuchagua.

"Kumbe ni dawa ileile," alisema.

"Mama, biashara ni karatasi," alijibu muuza pembejeo, akiendelea kubandika lebo mpya zenye picha ya chui. "Halafu nani alikutuma upime nusu kifuniko? Wewe ndiye uliyeyafundisha kunywa."

"Nimeyafundisha mimi, umeyanywesha wewe. Tumeyalea wote, baba, ila yatalala kwako."

Shambani udongo ulikuwa umelainika kama uliolimwa jana, na mahindi yalikuwa yakihema kama watu waliotua mzigo. Shemeji alikuja, akatembea mpaka hadi mpaka, akaomba maji ya kunywa. Mama Pacha alimpa. Kisha akaketi chini, akanyoosha miguu, akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu mvua za kwanza.

Dukani foleni ilifika barabarani. Wakulima waliyaruka magugu kwa adabu, kila mmoja akiulizia ile ya chui. Muuza pembejeo aliwatangazia kwamba mwakani inakuja mashine yenye macho, inayolitambua gugu na kulichoma kwa mwanga.

Magugu yalisogea mbele ili yasikie vizuri.