Viatu Vilivyopandana

Mzee Karamat Hussein alizaliwa na ubishi wake, na miaka aliyoendesha mabasi ya masafa marefu huko Uingereza haikumpunguzia hata chembe. Ukimwambia leo kuna jua, atatazama juu kwanza. Kwa hiyo binti yake Tahira alipomchukua kwenda kutembea Hispania na Ureno alijua fika kwamba hakuchukua mzigo mwepesi. Alimchukua kwa sababu njia nyingine zote zilikuwa zimemwishia.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake Tahira, Bi Sughra, alifariki wakati wa baridi, wakamzika Bradford, mji ambao yeye na mumewe walikuwa wameishi tangu ujana. Arubaini ilipokwisha, mzee akawakusanya watoto na kuwatangazia kwamba baada ya Idi anarudi kwao Mirpur moja kwa moja, akakae katika nyumba aliyoijenga kule na akazikwe kule. "Huku tumekuja ugenini," alisema. "Mgeni hafii sebuleni mwa watu." Watoto wa kiume walitazamana. Tahira, kitinda mimba wake, mfamasia, aliyezaliwa Bradford na asiye na kwao kwingine, alihisi amefiwa mara ya pili. Akakesha akiwaza, na asubuhi akaamka na hila: nitampeleka akaone kwa macho yake kwamba Waislamu walikuwa Ulaya kabla hao Waingereza hawajaijua sabuni. Akishaona, ugeni utamtoka.

Hila ilimgeukia mwenyewe. Kule Sevilla alimwonyesha mnara ambao zamani adhana ilitolewa juu yake, mzee akauangalia mpaka kofia ikataka kumdondoka.

"Mnara mzuri, mashallah," alisema. "Na hizo kengele huko juu ni za nani?"

Cordoba ndiko mzee alikommaliza kabisa. Walisimama ndani ya ule msikiti mkubwa uliogeuzwa kanisa, matao mekundu na meupe yakifuatana mpaka macho yanachoka, na machozi yakamlenga Tahira. Akamgeukia baba yake akidhani naye yamemfika. Mzee alikuwa anaitazama altare iliyojengwa katikati.

"Watu wameswali hapa vizazi na vizazi," alisema taratibu. "Wako wapi? Walifungashwa virago. Na wewe unaniambia nikae mimi, niliyekuja juzi na sanduku moja?"

"Abaji, sikukuambia kitu," Tahira alimjibu baba yake.

"Umenileta hapa. Umeshaniambia."

Kila jiwe Tahira alilomwonyesha, mzee aliligeuza likawa shahidi wake. Walikuwa wamebakiwa na siku chache, kisha uwanja wa ndege, kisha Idi, kisha Mirpur. Akavuka mpaka kuingia Ureno kwa kukata tamaa tu, maana alikuwa amesikia kwamba katika mji mdogo wa Mértola kuna kanisa ambalo bado lina mihrabu ya msikiti wa zamani ndani yake. Njia nzima baba yake alimfundisha kuendesha gari.

"Mbona unakanyaga breki kila kona? Hivi dawa zako pia unapimaga hivyo, kidogokidogo, mpaka mgonjwa anapona mwenyewe?"

"Abaji, kuna bonde pale."

"Bonde liko pale tangu Nabii Nuhu, halikuja kwa ajili yako."

Mchana waliingia katika mgahawa mdogo juu ya mto. Mzee alikuwa hali kitu safari ile bila kukifanyia upelelezi.

"Muulize kama hayo mayai hayajapita karibu na nguruwe."

"Mayai yametoka kwa kuku, Abaji."

"Na huyo kuku alilala wapi?"

Kilicholetwa ni bakuli la mkate uliolowekwa katika maji ya moto, na kitunguu saumu, na mafuta ya zeituni, na yai, na juu yake kotmiri mbichi iliyopondwa. Mzee Karamat alikinusa kabla ya kukionja. Kisha akala mpaka bakuli likabaki jeupe. Akaomba la pili. Tahira hakuwa amemwona akiomba chakula cha pili tangu siku ya msiba.

"Hawa kotmiri wameijulia wapi?" aliuliza mzee. "Sisi Bradford mama yako aliipanda mwenyewe uani. Yule jirani alikuwa anamhurumia, anadhani anapalilia magugu."

Tahira akaona mlango umefunguka, akajitosa. "Wameijulia kwa wale waliokuwa hapa. Watu wameondoka, kotmiri ikabaki."

Mzee akajifuta mdomo. "Basi na mimi naondoka. Nitawaachia kotmiri."

Tahira alikasirika. Alikuwa amevumilia minara na matao, lakini hili lilimchoma. "Na mama je? Naye utamwacha na kotmiri?"

"Mama yako amelala salama."

"Amelala peke yake, Abaji. Kwenye baridi. Utakuwa Mirpur kwenye baraza lako, nani atakwenda kumsomea Ijumaa?"

"Wewe upo."

"Si mimi niliyemtoa kwao."

Mkono wa mzee ukasimama juu ya meza. Aliinuka, akachukua kofia yake, akatangulia nje. Tahira akalipa, akajilaumu kwa lile neno, na papo hapo akajiambia kwamba angelisema tena.

Walipanda kilima. Kanisa lilikuwa juu, chini kidogo ya ngome, jeupe lote kwa chokaa.

"Kanisa jingine?" mzee aliuliza mwishowe.

"Jingine."

"La mwisho?"

"La mwisho."

Hapakuwa na foleni wala mashine ya tiketi wala kundi la watu wenye vipaza sauti. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, ndani kuna kiza chepesi na ubaridi wa sakafu ya mawe. Mzee Karamat alifika kizingitini akiwa bado amenuna. Hapo miguu yake ikafanya jambo bila kumwomba ruhusa. Mguu wa kushoto ukavua kiatu, wa kulia ukavua kiatu, na mzee akaingia kwa mguu wa kulia, midomo ikitamka ile dua ya kuingia msikitini. Cordoba hakuvua, wala Sevilla. Hapa alivua kanisani, mchana kweupe, msalaba ukimtazama, na wala hakujua kwamba amevua.

Tahira alibaki nyuma akivitazama vile viatu. Kimoja kilikuwa kimelala sakafuni, na kingine kimepanda juu yake.

Kwao, kiatu kikipanda juu ya kiatu, mwenyewe ana safari. Bi Sughra hakupata kupita mlangoni pa nyumba yake akaviona hivyo asiviteremshe. Akiwa na mtoto mkononi, akiwa na sufuria ya moto, atainama tu, avitenganishe, aviweke sambamba, aendelee na shughuli zake. Watoto walimcheka. Mumewe alimcheka kuliko wote: "Mimi ni dereva, mke wangu. Nisiposafiri mtakula nini?" Bi Sughra hakujibu, akavitenganisha.

Tahira akainama. Mkono wake ukafika nusu ya njia, kisha hasira ya mgahawani ikampanda upya. Aende basi, alisema moyoni. Kama mama hakumzuia na uhai wake wote, mimi nitamzuia na nini? Akanyanyuka, akavipita, akaviacha vimepandana.

Ndani, nguzo zilisimama safu kwa safu, na nyuma ya altare, ukutani, ilikuwapo mihrabu. Muda ulikuwa umeikwangua huku na huku, lakini mtu aliyezoea kusimama mbele ya kitu kama kile haulizi ni nini. Mzee alisimama kando, mikono mbele, soksi zake za kahawia zikiwa juu ya jiwe. Alikaa hivyo kitambo. Tahira alimsubiri aseme wako wapi, aseme walifungashwa virago. Hakusema. Aliiangalia mihrabu, akauangalia msalaba, akaiangalia mihrabu tena, kama anayesoma kibao cha njia asichokitarajia. Kisha akaufuata mwanga wa mlango mdogo wa ubavuni, akatoka.

Jua la nje ndilo lililomzindua. Aliruka.

"Allah! Viatu vyangu!"

Tahira alishindwa kujizuia, akacheka. "Umevivua, Abaji. Mlango wa mbele."

"Nimevua? Kanisani?" Alijitazama miguu. "Na wewe umeniacha tu?"

"Nilidhani umeamua."

Wakalizunguka kanisa, mzee akikanyaga kwa visigino na kulalamika kwa kila jiwe. Walipofika mlango mkubwa, kizingiti kilikuwa kinang'aa kwa maji, kimesuguliwa sasa hivi. Viatu havikuwapo.

"Umeona?" Mzee akainua kidole. "Wale wa zamani waliwafukuza wazimawazima. Mimi wameanza na viatu."

"Abaji, Bradford viatu vyako viliibwa msikitini."

"Vile viliibwa na waumini. Ni tofauti."

Ndani ya mlango kikasikika kishindo cha ndoo. Akatokea bibi wa rika la mzee mwenyewe, mfupi, aproni imelowa, ufagio mkononi. Alizitazama soksi za mzee, akatabasamu, akawaashiria waingie. Jina lake Dona Felismina, ndiye aliyelitunza lile kanisa. Tahira alikuwa na Kihispania cha shuleni, na bibi yule alikuwa na Kireno cha polepole, wakakutana katikati.

Viatu vilikuwa nyuma ya mlango, juu ya kipande cha gazeti, mbali na maji. Vilikaa sambamba, kisigino kwa kisigino, na katikati yake upana wa vidole viwili.

Mzee Karamat akasimama ghafla. Tahira aliona rangi ya uso wake ikibadilika.

"Muulize," alisema, "nani ameviweka hivi."

"Mimi," alijibu Dona Felismina. "Nilitaka kuosha kizingiti. Nisamehe, lakini vilikuwa kimoja juu ya kingine, nisingeviacha. Marehemu mama yangu angefufuka anifinye."

"Kwa nini?" aliuliza Tahira, na sauti yake mwenyewe ikawa ndogo.

Bibi akainua mabega. "Kwani mtu huuliza? Mama alikuwa anavitenganisha, na bibi yangu alikuwa anavitenganisha. Viatu havipandani, basi. Kwenu vinapandana?"

Tahira akatafsiri. Mzee hakutoa macho kwenye viatu.

"Mwambie," alisema, "kwetu vikipandana, mwenyewe ana safari."

Dona Felismina aliposikia alifurahi, akapiga aproni yake kwa kiganja. "Ahaa! Kumbe ndiyo maana!" Umri wote ule alikuwa ametenganisha viatu vya watu bila kujua analolizuia. Kisha akamtazama mzee vizuri, kwa huruma ya jirani, akauliza: "Na yeye, ana safari?"

Tahira alilitafsiri swali neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza, akaogopa jibu.

Mzee Karamat akaketi kwenye benchi la mwisho. Akavuta kiatu kimoja, akakishika mapajani bila kukivaa.

"Nilidhani anacheza," alisema. Hakuwa akimjibu bibi. "Miaka yote ile. Nilidhani ni mambo ya kina mama tu. Nikitoka usiku kwenda London naviona vimewekwa hivi, sambamba, nacheka, navaa, naondoka." Akakigeuza kile kiatu. "Sikumuuliza hata siku moja kama anapapenda pale Bradford. Nilisema kwa niaba yake. Nikirudi kwetu, tukirudi kwetu. Na yeye kila siku ananijibu mlangoni, mimi sisikii."

Machozi yakamteremka, na hakuyaficha. Dona Felismina, ambaye hakuwa ameelewa neno, aliweka ufagio kando, akaketi ncha ya pili ya benchi. Tahira alipiga magoti, akamvisha baba yake kiatu cha kwanza.

"Abaji, niliviona vimepandana. Nikaviacha makusudi. Nilikuwa na hasira."

"Una haki yako," alisema mzee. Akampa mguu wa pili.

Walipoagana, Dona Felismina alichuma kotmiri kwenye mkebe wa rangi uliokuwa kando ya mlango wa kanisa, akampa mzee, naye akaitia mfuko wa juu wa koti. Wakateremka kilima, mzee akiegemea mkono wa bintiye, jambo ambalo hakuwahi kulikubali tangu safari ianze. Wakaingia garini. Gari likanuka kotmiri lote.

"Tukifika," alisema mzee, macho mbele, "tupite kwanza kwa mama yako. Kabla ya nyumbani."

"Haya, Abaji."

"Na umuulize yule anayesimamia makaburi." Akakohoa. "Pale ubavuni kwake, upande wa ukuta. Umuulize kama pameshachukuliwa."

Tahira akashika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari lilikuwa halijawashwa.

"Hapajachukuliwa. Niliwaambia wapaache."

"Uliwaambia lini?"

"Siku ileile tuliyomzika."

Mzee Karamat akageuka, akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Kisha akafunga mkanda.

"Haya, washa gari," alisema. "Na hizo kona, uzichukue kwa breki zako. Hatuna haraka."