Sauti za Diski ya Nne

“Papa Alphonse anarudiaka njia gani?”

Maman Eulalie aliuliza hivyo asubuhi moja akianika shuka upande wake wa ua, kule mtaani Muhumba. Maman Constance alikuwa anachambua maharagwe. Alijibu bila kuinua macho, jinsi jirani anavyojibiwa.

“Ya ngazi, nyuma ya dispensaire. Ku barabara kuko barrière ya basoda, banasumbua watu.”

Kesho yake jioni Alphonse, mume wa Constance, alipigwa risasi akafa kwenye ngazi hizo za nyuma ya zahanati. Siku iliyofuata Papa Élie, mume wa Eulalie, alitoka katika kachoti ya askari alimofungwa tangu Pasaka, na hakuna aliyesikia kwamba mtu amemwombea aachiliwe. Constance aliliona hilo. Alimpelekea Élie uji, akasema Mungu asifiwe, akaendelea kuangalia.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu waasi washike mji. Alphonse alikuwa mtunza mashine za kompyuta katika ofisi iliyokusanya sauti za watu waliochomewa vijiji vyao. Sauti hizo zilikaa ndani ya kabati la chuma lenye diski tano. Siku moja alimweleza mkewe kazi hiyo kwa sahani za mezani.

“Ona. Sahani iko tano, lakini mimi ninachora mipaka, inapita juu ya zote. Kila sehemu tunaiita disque logique. Huwezi kuishika na mukono. Ya kwanza iko ya mishahara, ya pili ya barua, ya tatu ya picha, ya ine ya masauti.”

“Na sauti moja inakaa ku sahani gani?”

“Ku zote. Ninaikata vipande vine, sahani ya tano inabeba hesabu yao. Moja ikivunjika, zile zinabakia zinakumbuka yake.”

“Na mbili zikivunjika pamoja?”

“Hapo sasa tunashika rozari.”

Constance alicheka, akamnyang’anya sahani zake kwa kuwa ugali ulikuwa umeiva.

Wakubwa wa mji walitaka diski ya nne, ile ya sauti, ifutwe. Alphonse alikataa, na kwa hilo aliuawa. Polycarpe, aliyechukua nafasi yake, alikuwa na watoto wadogo, naye hakukataa. Mashine ilimuuliza kama ana hakika, akajibu ndiyo. Nafasi iliyopatikana aliiongeza kwenye diski ya kwanza, nao wakubwa wakaweka humo hesabu za magunia ya mawe ya madini yanayopanda ndege.

Jioni hiyo Constance alifunua chungu cha sombe, majani ya muhogo, na sauti ya mwanamke wa kule Walungu ikasema kutoka ndani, “Wakafunga mulango kwa inje, na sisi”, ikakatika. Constance alirudisha kifuniko ili mboga isipoe. Kwa Bruno, mshonaji, mwanamke huyohuyo aliendelea chini ya sindano ya cherehani. Kwa Carine alitokea katika gunia la makaa. Kwa Polycarpe hakikutoka chochote ila tarakimu tupu, zikidondoka kutoka darini kama maji ya mvua, na mkewe akatega beseni.

Watu hao wote walikuwa wa shirika moja, yaani jumuiya ndogo ya sala inayokutana kila Alhamisi, leo nyumbani kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Baada ya rozari kila mmoja alisema kile kilichosemwa kwake, na vipande vikaungwa. Alipofikiwa Eulalie, alitikisa kichwa.

“Kwangu kimya. Hata panya haisemi.”

“Kwako wewe, kimya?” Carine alisema. “Wewe ambaye hata redio inakungojea umalize!”

Wakacheka. Constance hakucheka. Alikuwa ameona pamba ikichungulia kwenye masikio ya Eulalie, chini ya kitambaa.

Kimya cha Eulalie hakikuharibu kazi. Polycarpe alichukua vipande vitatu na tarakimu zake, akapiga hesabu kwa kalamu, na kile kilichokosekana kikatokea. Alifanya hivyo kila Alhamisi. Walimsikia yule mama wa Walungu mpaka mwisho, kisha mzee wa kule Sange aliyewataja ng’ombe wake mmoja mmoja kwa majina. Kila sauti iliyokamilika ilisaliwa Baba Yetu moja.

Ya mwisho ilikuwa ya Alphonse, ingawa kule kwenye ngazi hakuna aliyekuwa na kinasa sauti. Siku hiyo walikuwa kwa Bruno. Hakuna aliyeuliza iliingiaje.

Constance alianza, kama chungu kilivyosema: “Wamenisimamisha ku ngazi, Constance.”

Bruno alifuata: “Ninawauliza nani amewaonyesha njia. Wanacheka, wanasema”.

Eulalie akasema, “Kwangu kimya.”

Carine akamaliza: “Usigombane naye. Ujue tu.”

Polycarpe aliinamia hesabu yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasoma kwa sauti ileile aliyosomea majina ya ng’ombe: “Ni Maman Eulalie, juu bwana yake atoke mu kachoti.”

Mke wa Bruno aliendelea kumimina chai.

“Élie aliingia mule mutu, alitoka fimbo,” Eulalie alisema. “Walikuwa wanamumaliza. Ninyi mungefanya nini?”

Hapakuwa na pa kwenda kushtaki, kwa maana waliofyatua risasi ndio waliokuwa wamekaa katika ofisi ya mashtaka. Bruno aliongoza Baba Yetu kwa ajili ya Alphonse, na Eulalie aliitikia pamoja na wengine, pale penye kusameheana akatamka vizuri kabisa. Alipewa chai yake na sukari jinsi anavyoipenda.

Jua lilikuwa linashuka upande wa Kadutu. Watu wakaanza kuinuka. Eulalie alikaza kitenge chake, akasogea karibu, kama kila Alhamisi, kwa sababu nyumba zao zilipakana na walizoea kurudi pamoja.

“Maman Constance, tunarudia njia gani?”

Constance alivaa rozari yake shingoni, akainama mlangoni kutafuta viatu vyake, akatoka peke yake.