Lugha ya Midomo ya Tkachovo

Donatienne alitaka kuniua kwa aibu siku hiyo. Mgeni kutoka ofisi ya wazee amekaa sebuleni, hapa Markham, ughaibuni, amekuja kupima kama Nyanya Zinaida bado ana akili timamu au apelekwe kwenye makao ya kufungiwa milango. Na Donatienne, mwenzangu wa kazi ya kumtunza Nyanya, anabwata: "Madame, huyu mama ananena kwa lugha! Midomo inacheza, sauti hakuna. Ni roho!"

"Wee Donatienne, ishia hapo!" nikamkata kauli. "Hapa si kanisani kwenu!"

Larisa, binti wa Nyanya, akatikisa kichwa. "Mnaona? Mama ameshapotea." Mgeni akaandika.

Nikasema potelea mbali, wakitaka kunifuta kazi wanifute. Nikamweleza mgeni mambo ambayo Nyanya hunisimulia nikimwosha miguu. Kwao ni Tkachovo, kamji kadogo ka Urusi kalikozaliwa na kiwanda cha nguo. Nyumba za kiwanda, shule ya kiwanda, hata makaburi ya kiwanda. Mashine zilinguruma hadi wanawake wakaacha kupaza sauti, wakawa wanasemezana kwa midomo tu. Wakaizoea lugha hiyo hata nyumbani, hasa kwa maneno ya siri. Halafu kiwanda kikafilisika. Watu walipewa mashuka badala ya mishahara, wakayauza kando ya barabara, na mashine zilipozimwa Nyanya alikosa usingizi kwa sababu ya ule ukimya.

"Hadithi za mzee," Larisa akasema. "Mimi lugha hiyo siijui."

"Si ulizaliwa huko?" nikamuuliza.

"Niliondoka mdogo."

Nyanya, blanketi magotini, akamkazia bintiye macho. Midomo yake ikacheza taratibu, bila sauti. Donatienne akaanza kukemea mapepo chini chini.

Na midomo ya Larisa ikajibu.

Neno moja fupi. Akajiziba mdomo kwa kiganja, lakini sote tulikuwa tumeona. Mgeni akaweka kalamu chini. "Amekuuliza nini?"

Larisa alibadilika rangi. Nilimwonea huruma, Mungu anisamehe, ingawa bado nilikuwa na hasira naye.

"Ameuliza kama nyumba yake hii nimeshaiuza."

"Nawe ukamjibu nini?"

Aliyetujibu ni Nyanya mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na kwa sauti kubwa: "Amesema ndiyo."