Msafara Uliokatwa kwa Msumeno

Miezi saba Mama Brashi aliinamia bamba moja la jiwe kwenye karakana ya jumba la makumbusho, akichokonoa kwa sindano na kupangusa vumbi, mpaka shingo ikakakamaa na wanawe wakaanza kumwita Kobe. Jiwe lilikuwa na trilobiti kumi na tisa, wanyama wadogo wa bahari ya kale, wenye pingili kama jongoo. Hawa hawakuwa na macho. Walijipanga mstari mmoja, wakielekea upande mmoja, miiba ya kila mmoja ikimgusa mwenzake. Mama Brashi ndiye aliyeng'amua kwamba hawakusombwa na maji, maana maji huvuruga. Walikuwa safarini, wakipapasana, tope likawafunika ghafla.

Aliporudi kutoka likizo ya siku tatu, meza ilikuwa tupu. Ofisini kwa mkurugenzi alikuta trilobiti wanne, kila mmoja kwenye kibao chake kilichopakwa vanishi.

"Zawadi za wageni wetu," mkurugenzi alisema. "Mdogo wako, yule fundi wa marumaru, ndiye aliyekata. Ana mkono mzuri."

"Umekata msafara, mzee."

"Si wamefanana wote? Utaandika kwamba walikuwa mstarini."

"Nani ataniamini?"

Mkurugenzi akarudi kwenye simu yake. Mama Brashi akavikusanya vile vibao vinne, akavitia kwenye mkoba.

"Unaiba mali ya ofisi."

"Ita askari. Nitamweleza wageni wakisikia."

Hakuita mtu.

Kwenye karakana ya mdogo wake, wengine kumi na watano walikuwa ndani ya ndoo.

"Dada, walileta karatasi yenye muhuri."

"Na namba yangu ya simu huna?"

Msumeno ulikuwa umekula unene wa kidole kila ulipopita, na humo ndimo miiba ilimokuwa.

Mama Brashi aliwaunga kwa wiki sita. Mstari ukaonekana, lakini kugusana kulikuwa kumekwenda na vumbi. Akaandika ripoti: nani aliamuru, nani alikata, lini. Mkurugenzi alikataa kuitia sahihi, naye akaipeleka hivyo hivyo kwa bodi. Bodi ilimpa mkurugenzi onyo la maandishi, basi. Mama Brashi hakumsalimia tena. Akamnunia mdogo wake mwaka mzima, na hata alipomsamehe, hakuwahi kumwambia kwamba haikuwa kitu.