Shemeji wa Bolton Aambiwa Hapana

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Watoto wangu wanajua, pasta anajua, hata wazee ninaowaosha pale kazini Louisville wanajua. Siku nikiingia chumbani na uso wangu ule, wanameza dawa bila swali. Donc, basi, nipewe haki yangu: Jumamosi ile, katika sebule ya Rugamba kule Buffalo, nilikaa kimya, mikono mapajani, kama mama wa kijana anavyotakiwa kukaa, huku shemeji yangu akiiua harusi ya mwanangu kwa adabu.

Mwanangu Gisa alimpenda Isimbi, binti wa Rugamba, lakini mimi ndiye niliyempenda kwanza. Nilimwona kwenye kongamano la kanisa Columbus, anasugua masufuria peke yake jikoni wakati wenzake wanajipiga picha nje. Nikamwambia Gisa aende akamsaidie kubeba maji. Alienda, na tangu siku ile hajanirudia vizuri.

Sasa, kwetu sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini, kijana hajiposei mwenyewe. Wanaosema ni upande wa baba. Baba Gisa alifariki, na ndugu yake aliyebaki ni mmoja tu, Ngarambe. Siku za kambi ya wakimbizi, tulipopangiwa nchi, sisi tulipelekwa Amerika, yeye akapelekwa Uingereza, mji unaoitwa Bolton. Nilikuwa na kinyongo naye, niseme ukweli. Mume wangu alipofariki, Ngarambe hakuja kuzika. Alituma ujumbe wa pole kwenye WhatsApp na picha ya mshumaa. Lakini msemaji ni msemaji, huwezi kumwokota barabarani. Nilipompigia aje kuposa, akasema itakuwa heshima kubwa kwake, kama haitatusumbua. Kama haitatusumbua! Ningepaswa kushtuka pale pale.

Alishuka Louisville na sanduku, nusu nguo, nusu majani ya chai na biskuti. Mtu alimkanyaga mguu uwanja wa ndege, na yeye ndiye aliyeomba radhi. Asubuhi ya safari akamwambia Gisa akae kiti cha mbele, kando yangu niliyekuwa dereva. Gisa, mtoto niliyemfunza heshima, akasema hapana, baba mkubwa, kaa wewe. Mtu mwingine yeyote angesisitiza, Gisa angekataa tena, tungekaa pale uani kidogo tukibishana kwa upendo. Shemeji akasema, "Sawa," akaingia, akafunga mkanda.

Columbus tukapita Westerville kumchukua Karaha, binamu wa marehemu, mwenye gari kubwa, tukahamia humo. Karaha kazi yake ni ya ghalani, na mdomo wake haujawahi kupewa likizo. Njia nzima akamchokoza shemeji amweleze maisha ya Uingereza. Shemeji akaeleza kwa furaha. Alisema anajitolea kwenye ukumbi wa jamii pale mtaani kwao, anawafundisha wakimbizi wapya kuishi vizuri na majirani: kupanga foleni, kutopiga kelele Jumapili, kushukuru dereva wa basi, na ukiambiwa hapana, usibishane na mtu. Karaha akauliza, na ukiwa na njaa je? Shemeji akasema unajibu kwamba uko sawa tu. Karaha akacheka mpaka nikamkumbusha aangalie barabara.

Tulifika Buffalo mchana, mwezi wa nne, na theluji inaanguka bila haya. Nyumba ya Rugamba ilikuwa imejaa. Harufu ya wali na nyama ilitupokea mlangoni, tumbo langu likaitikia. Tulikaa magoti kwa magoti, na hata hivyo Mzee Rutayisire, msemaji wao, alishika maikrofoni. Huyu mzee anafanya kazi kiwandani Tonawanda, kwenye mashine zenye kelele ambako hakuna anayeweza kuongea, basi maneno yake yote ya wiki anayatunza mpaka Jumamosi.

Kwa asiyejua desturi yetu: posa haikubaliwi upesi. Msemaji wa upande wa binti lazima akatae. Atasema mmepotea njia, atasema binti ameshaposwa, atasema hata binti hawana. Ni mchezo, lakini ni mchezo wa heshima, maana nyumba inayokubali haraka inaonyesha imemchoka mtoto wake. Wewe uliyekuja kuomba unabembeleza, unachekesha, unataja ng'ombe, unataja mababu, unakataliwa tena, unabembeleza tena, mpaka washindwe. Posa nzuri inakula mchana mzima, na watu wanaisimulia miaka.

Mzee Rutayisire akakohoa kwenye maikrofoni, masikio yetu yakaziba. Akasema nyumba hii haina msichana. Akasema alikuwepo mmoja zamani, lakini amekata shauri kuwa mtawa, na hapo Wapentekoste wote sebuleni wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Akamalizia polepole kwamba, bon, wageni wamechoka bure, jibu la familia ni hapana. Akakaa, akajifuta jasho, akashika maikrofoni magotini tayari kwa raundi ya pili. Uso wake uling'aa.

Shemeji akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Wazee wangu, nimewasikia," akasema. "Samahani sana kwa kuwasumbua siku yenu ya mapumziko. Aksanti kwa muda wenu. Sisi tutaondoka."

Watu wakacheka. Walidhani ni mbinu, na mimi nilidhani ni mbinu, nikasema moyoni kumbe shemeji ni fundi. Akaanza kuzunguka akishika kila mtu mkono. Alipofika kwa Ingabire, mama wa binti, akamshukuru kwa harufu ya chakula. Kicheko kikapungua. Akachukua koti lake la mvua nyuma ya mlango, akalivaa, na kicheko kikaisha kabisa. Mzee Rutayisire alibaki mdomo wazi, na maikrofoni ikatusikilizisha pumzi yake.

Kwa desturi msemaji akisimama kuondoka, wote mnasimama. Wanawake hatusemi. Nilisimama nikatoka, na nikipita karibu na Ingabire tuliangaliana kama watu wanaoona gari likiserereka kwenye barafu na hakuna wa kulizuia.

Karaha aliendesha mpaka kituo cha mafuta cha karibu, akasimama, maana hakuna aliyejua twende wapi. Na niseme wazi jambo lilivyokuwa. Wajumbe wakiondoka bila ahadi, wamefuta ombi lao. Kurudi ni aibu. Na wao hawawezi kutuita, maana ni kama kumtupa binti wao dirishani. Gisa akasema basi yeye na Isimbi watakwenda ofisi ya mji wafunge ndoa wenyewe. Nikamwambia kwamba Isimbi yule hawezi kuolewa bila mkono wa baba yake kichwani, na ndiyo sababu nilimpenda. Simu ya Gisa ikalia. Isimbi alikuwa ameandika kwamba baba yake amepanda chumbani, na mama yake analia juu ya wali.

Hapo nikafunguka. Nilimgeukia shemeji, na desturi nikaiacha nje kwenye theluji.

"Ngarambe, wewe ni mtu gani? Mtoto wa ndugu yako! Unaambiwa neno moja unavaa koti? Hukujua ule ni mchezo?"

Wiper zilikuwa zinapangusa theluji.

"Nilijua zamani," akasema. "Nimesahau, Mama Gisa. Kule Bolton hakuna mtu wetu wa kuposa wala wa kuposewa. Kule hapana niliyoambiwa ilikuwa hapana kweli. Niliomba kufundisha, maana nilikuwa mwalimu, wakasema hapana. Ndugu yangu alipofariki niliomba ruhusa ya kuja kumzika. Nilikuwa sina hata pasipoti bado. Nikafika kwenye dirisha la ofisi ya uhamiaji, dada mmoja mzuri tu, akasema hapana. Nikasema aksanti, nikaondoka, nikapanda basi. Nikamshukuru dereva."

Jamani. Miaka yote ile nimemchukia kwa ajili ya picha ya mshumaa. Hasira yangu ilitafuta pa kukaa, haikupata. Nilimshika mkono tu, mkono baridi, na nikalia bila kujificha, na Gisa naye akalia, na Karaha akashuka akisema anakwenda kununua kahawa, akarudi bila kahawa, macho mekundu.

Shemeji ndiye aliyepangusa uso kwanza. Akauliza kama kuna sheria yoyote, ya kwetu au ya Amerika, inayokataza mtu kusimama barazani kwa watu bila kugonga. Nikasema kurudi kuomba ni aibu. Akasema hatutaomba. Tutasubiri tu, na kusubiri ndicho kitu anachokijua kuliko wote waliomo garini.

Basi tukarudi. Shemeji akapanda ngazi za baraza, akasimama hatua moja kutoka mlangoni, mikono pembeni, bila kugonga. Akanionyesha kwa kichwa nisimame nyuma yake. Gisa nyuma yangu, Karaha nyuma ya Gisa, kila mmoja na nafasi yake, safi, hadi chini kwenye njia ya kuingilia. Karaha alijaribu kusogea mbele kuona dirishani, shemeji akamrudisha nyuma kwa upole lakini kwa ukali wa mwalimu. Theluji ikatukalia mabegani.

Pazia likasogea. Likasogea lingine juu. Nikaona uso wa mtoto, kisha uso wa Ingabire, kisha nyuso nyingi zikigombania kioo. Hakuna aliyefungua. Wangefungua waseme nini? Hatukugonga. Jirani wa ng'ambo, mama mmoja Mburma mwenye kofia ya sufu, akavuka barabara, akamuuliza Karaha kwa ishara ni nini kinachogawiwa. Karaha akamwambia bibi arusi. Sijui alisikia nini, alirudi kwake mbio akaja na mfuko mtupu, akasimama nyuma ya Karaha. Mume wake naye akaja. Foleni ikafika barabarani, na magari yakaanza kupunguza mwendo.

Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nilimwambia shemeji kwa sauti ya chini kwamba tukigandishwa hapa, nitamwandama hata ahera. Akasema samahani, lakini hakusogea.

Hatimaye mlango ukafunguka kidogo. Mzee Rutayisire akatoa kichwa, maikrofoni bado mkononi, waya unamfuata. Akaangalia foleni yote, hadi kwa Waburma. Nyuma yake nikamwona Rugamba mwenyewe ameshuka, amekunja mikono.

"Mnangoja nini?" akauliza.

"Zamu yetu," akasema shemeji.

"Nilishawajibu. Nilisema hapana."

Niliona mgongo wa shemeji ukinyooka ndani ya lile koti la mvua.

"Mzee, niambie tena," akasema. "Nimeambiwa hapana miaka mingi, na watu wasiojua hata jina langu wala la baba yangu. Ile nilikuwa naishukuru, naondoka. Wewe unajua jina la baba yangu. Unajua la babu yangu. Umenikatalia huku chakula changu kiko jikoni kwako. Hapana ya namna hii sijaisikia tangu tutoke kwetu. Isemeni mpaka jioni, mimi sitoki hapa."

Mzee Rutayisire alijaribu. Alifungua mdomo, akasema kwamba binti ni mtawa, na sauti ikakatika kwenye maikrofoni, ikasikika hadi sebuleni na hadi mtaani. Akageuka ukutani, mabega yanatikisika. Ndani, Ingabire akapiga vigelegele ambavyo alikuwa amevizuia tangu asubuhi, na wanawake wote wakamwitikia. Nikasikia miguu ya mtu inashuka ngazi kwa kasi, nikajua ni ya mkwe wangu.

Rugamba akampita Rutayisire, akafungua mlango wote, akasema karibuni, jamani, ingieni, baridi inaingia na chakula kinapoa, ingieni na majirani.

Gisa akainua mguu. Shemeji akanyoosha mkono akamzuia. Akamwangalia Rugamba tangu viatu hadi kichwa, akakunja mikono kama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke Louisville nikaona meno yake yote.

"Hapana," akasema.

Rugamba akatazama huku na huku. Kisha akaanza kucheka, akashika kizingiti kwa mikono miwili, akaanza kutubembeleza tuingie, akitaja ng'ombe, akitaja mababu. Mimi nilikuwa na njaa ya kuua mtu, na miguu siisikii, lakini niliomba Mungu shemeji asikubali upesi.