Kisu Kilichobaki Wazi

...na hii nayo siitaki, namwambia Wendell, hii yenye kifungo cha chuma irudishe ulikoitoa, kifungo kama hicho kinakwaruza shaba ya mpini, na vidole vikiganda kwa baridi hakifunguki hata umwite nani, na Wendell anaguna, ndiyo lugha yake, kaguna hivyohivyo tangu nilipoletwa dukani humu mtoto kupimiwa tandiko langu la kwanza, penseli sikioni, aproni imekakamaa kwa nta, anaichukua ala anaitundika kwenye msumari wake anashusha nyingine, "Hii basi, binti Ganix, hii imelainishwa kwa magome ya mti, si kwa dawa za kiwandani, haitakula shaba ikaacha kutu ya kijani," na mimi naigeuza, nainusa, ngozi nzuri, nene, mshono umenyooka, lakini fupi, zote fupi, ukuta mzima umejaa ala fupi, na kisu changu kiko hapo juu ya kaunta kwenye taulo la jikoni, kiko wazi, bapa lote nje... nani kasema changu, kisu cha Baba, Graciana, kisu cha Baba... na honi hiyo tena, paaa, Mungu wangu, nimemwacha kwenye pikapu kiti cha abiria, nimemfunga mkanda, nimempandishia zipu ya koti mpaka kidevuni, nimemwambia Baba nakuja sasa hivi, lakini yeye hajawahi kumsubiri mtu maishani mwake na hataanza leo, "Anakuita huyo," anasema Wendell, mwache aite, nasema, nilisubiriwa na nani mimi, "Haya, ila ala hii utaingizaje kisu kimefunguka hivyo, mwanangu, hiki ni kisu cha kukunja, kinakunjwa," najua kinakunjwa, Wendell, "sasa ala ndefu ya nini, ukipanda farasi nayo itakuchoma kiuno," na ananyoosha mkono akikunje, kidole gumba tayari kiko kwenye kile kidude cha mgongoni mwa mpini kinachoachia bapa likunjwe, nami nimeshapiga kelele kabla sijajua nimefungua mdomo, usikifunge! na yule mama aliyekuwa akiangalia hatamu kule nyuma anageuka kunitazama, mtazame unavyotaka, mama.

Wendell ameganda. "Nani alikifungua?" ananiuliza polepole, Baba, namwambia, na anautoa mkono kwenye kisu kama aliyegusa sufuria ya moto, kwa sababu Wendell ni mtu wa hapa, haelezwi, kisu hufungwa na aliyekifungua, nikikupa kikiwa wazi unanirudishia kikiwa wazi, ukinifungia umenitakia shari, hata watoto wadogo wa Nevada hii wanajua hivyo kabla ya kujua kusali, na Baba alikuwa mkali kwa hilo kuliko mtu yeyote, mfanyakazi mmoja alimfungia kisu siku ya kuweka ndama alama akaambiwa akafunge na virago vyake. Sasa mimi nifanyeje, alikifungua mwenyewe asubuhi ile ya theluji, kwenye robota la nyasi, ng'ombe wamemzunguka wanangoja kulishwa, akakata kamba ya kwanza na hakukata ya pili, nikamkuta amelala ubavu, mdomo umekwenda upande, kisu kiko pembeni yake juu ya theluji, kiko wazi, kisafi, nikakiokota nikakitia kwenye glavu nikakisahau mpaka niliporudi kutoka hospitali, nikakiweka dirishani jikoni vilevile, na vilevile kimekaa, theluji imeyeyuka, ndama wamezaliwa, nyasi mpya zimeota, nafagia vumbi kukizunguka, naosha vyombo nikikitazama, Baba anakula uji mezani mkono wa kulia umelala pajani mwake kama wa mtu mwingine, nami namkatia nyama kwa kisu cha jikoni, na hakuna anayesema neno juu ya kile cha dirishani. Ila Dominic, kaka yangu wa Reno, kaja Pasaka na viatu vyake vya mjini, kamaliza kula maharage na soseji zangu, kanyoosha mkono dirishani, "Hiki nacho kinakaa wazi cha nini, kitamkata mtu," nikamrukia, naam, nilimrukia, na umri huu, kitambaa cha vyombo mkononi, akacheka kwanza, halafu akaona sichekeshwi, akasema, "Gracie, dada yangu, kivae wewe basi, ranchi unaiendesha wewe, ng'ombe unawalisha wewe, kisu ni chako sasa, tengenezewa ala yako ukubali yaishe," na Baba pale pale mezani anasikia, masikio hayakupooza, akasema bado, lakini bado ndilo neno pekee lililomrudia, una njaa Baba, bado, unaumwa, bado, umelala vizuri, bado, kwa hiyo Dominic hakumsikia na mimi pia sikumsikia, nikasema ndani ya moyo wangu sawa, nitavaa, ila kukifunga sikifungi, nitashonewa ala ndefu ya kisu kilichofunguka, kitembee nami wazi hivyohivyo hadi nife, ndiyo shauri langu, nimelifikiria kwa miezi na leo halirudi nyuma.

"Haya," anasema Wendell, amekubali, kasogeza taulo kwa ncha za vidole bila kugusa kisu, anapima kwa utepe, "ndefu basi, hiki ni kichaa cha kwenu Wabaski, watu wa milimani Ulaya, sisemi kitu," sema tu, unasema kila siku, "tunafanyaje ndani, bapa likikaa humo litakata uzi," na hilo nimeshalifikiria, namwambia weka ukanda wa ngozi katikati ya kingo mbili, makali yakutane na ukanda yasikutane na mshono, na chini toboa tundu dogo maji ya theluji yatoke, kifuniko usiweke, kifungo usiweke, ngozi yenyewe ikishike, iloweke maji ya uvuguvugu ikae juu ya kisu ukiikandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka ishike umbo, halafu nta ya nyuki, "Loo, umekuja kununua ala au umekuja kunifundisha kazi?" yote mawili, mzee, na anacheka, na mimi nacheka, ni mara ya kwanza kucheka hivi tangu lini sijui, na papo hapo najisikia vibaya, kwa sababu nacheka nikijipimia kitu cha mtu anayepumua, yuko hapo nje nyuma ya kioo, kofia yake naiona, na mimi niko humu namrithi. Namrithi mtu hai macho yake yakitazama. Basi nyamaza, Graciana, ulikuja kwa hili, kazi haifanywi na huruma, nani atakata kamba za nyasi kesho, Dominic? na honi tena, paaa, paaa, ndefu safari hii, jamani mzee huyu, "Ana nguvu bado," anasema Wendell, kainama kwenye utepe wake, "honi ya gari lile ngumu, mimi mwenyewe naibonyeza kwa kiganja kizima," halafu anachomoa penseli sikioni, "Nieleze upande gani. Kulia au kushoto," kulia bila shaka, nataka kusema, mimi ni wa kulia, Baba wa kulia, ala yake ya zamani ilikuwa kulia... ipo kulia, bado iko kulia, kila asubuhi nikimvalisha suruali ananionyesha mshipi kwa kidole, ala tupu ile, haniruhusu kuiacha, namvalisha nikidhani ni mazoea tu, mzee na mambo yake... kulia, sema kulia uondoke, na kinywa hakisemi, kwa sababu honi imelia tena na kichwa changu kimebaki hukohuko nje, kiti cha abiria, usukani uko upande wake wa kushoto, amenyoosha mkono wa kushoto, anajivuta na mkanda niliomfunga, anabonyeza kwa mkono wa kushoto, honi ngumu ile, tangu nimeingia humu, nami nanung'unika tu kelele, kelele.

Mkono wa kushoto... bondeni kule, vumbi, nilikuwa msichana mdogo juu ya yule farasi mwekundu mwehu, ndama dume ameshikwa kamba akazunguka, kamba ikanipita kwenye paja na pembe ya tandiko, ikaniminya, farasi anaruka na mimi siwezi kuanguka wala kukaa, naona anga tu, na Baba amefika, ameishika kamba ile kwa mkono wa kulia mtupu bila glavu, ameizungusha ngumini ili isinikate mguu, inamchoma, nasikia harufu, harufu ya ngozi yake ikiungua, wala haiachii, na kisu kiko kiunoni kulia, upande ule ule wa mkono uliokwama, akapitisha kushoto mbele ya tumbo, akakinyofoa, akalibana bapa kwa vidole akakirusha mpini ukafunguka wenyewe, ta! akakata. Kushoto. Miaka yote nimesimulia hadithi ile kwenye harusi na misiba na sijawahi kusema kushoto, nilisema alikata tu, kana kwamba mkono wenyewe haukuwa na maana, na baadaye mkono wa kulia ukafungwa bandeji nyeupe kubwa kama mkate, wiki zile zote akala kwa kushoto, akanyoa ndevu kwa kushoto, Mama akimcheka kwa vile alivyojikata, akasema mkono mmoja haulei mwana, Ganix, naye akamjibu huu mmoja umemlea mmoja wiki hii, mke wangu, hujaona? na jioni ile ile ya kamba, kabla hata bandeji haijakauka, alikitoa kisu akaegemeza mgongo wa bapa pajani mwake, akabonyeza kile kidude kwa kidole gumba, akasukuma, kikajifunga, ta, kwa mkono mmoja, mkono wa kushoto, mbele ya macho yangu, nikamwambia rudia, akarudia, rudia, akarudia, mpaka Mama akasema kalale wewe.

"Binti Ganix," anasema Wendell, penseli hewani, "upande gani?" subiri kidogo, nasema, na sijui kama nimesema kwa sauti, subiri, kwa sababu nina hasira, na hasira hii si ya Dominic, wala ya Mungu, ni yangu na mimi, mkono uko pale, umekuwa pale tangu theluji, unashika kijiko, unashika kikombe, unaonyesha mshipi, kila asubuhi unanionyesha ala tupu na mimi nafunga kifungo cha suruali naendelea, nimemkatia nyama, nimemfungia zipu, nimemfungia mkanda, nimemfungia kila kitu isipokuwa hicho kimoja, na hicho kimoja ndicho nilichokataa nikijisifu kwamba namheshimu, wala sikumpa akifunge mwenyewe, hujafa hujaumbika wanasema, sawa, basi hajafa, aumbike upya, nani kanituma nimzike akiwa kwenye kiti cha abiria? Atajikata, atasema Dominic. Ajikate. Tuna bandeji nyumbani, na damu inaoshwa, na mtu aliyeshika kamba ile kwa mkono mtupu ana haki ya kujikata kwa kisu chake mwenyewe. Na vipi kama atashindwa, vidole si vile vya zamani, kidude cha mgongoni kigumu, atajaribu mbele yangu ashindwe anitazame kwa jicho lile moja linaloinama... basi nitakaa naye. Nitazima gari tukae hapa mbele ya duka la Wendell mpaka mchana, mpaka jioni, hadi watu wote wa mji huu wapite watuone, na nikiulizwa nangoja nini nitasema namngoja Baba afunge kisu, na kama si leo ni kesho, na kesho kutwa, ng'ombe watangoja, walishangoja mara moja, lakini mimi kidole changu hakigusi, naapa kwa mama yangu. Naye akifunga, ala itakuwa fupi. Fupi ya kawaida, kama zote zile ukutani, ila kiunoni kushoto, mdomo wake uinamishwe mbele kidogo mkono ukishuka ukikute, na kamba ya ngozi yenye fundo itokeze juu aivute kwa vidole viwili, kifuniko hakuna, kifungo cha chuma hakuna, ngozi ile ya magome iliyoshikishwa umbo kwa kijiko, na mimi nitajinunulia kisu changu, duka lipo, visu vipo, kwani nimekosa nini.

"Mwanangu, nina wateja," anasema Wendell, na mteja ni yule mama mmoja wa hatamu ambaye hanunui kitu, "kulia au kushoto, ndefu au fupi, nikate ngozi au nisikate?" na kisu kiko palepale kwenye taulo, wazi, na mwanga wa mlangoni umelala juu ya bapa, na honi inalia, paaa, kiganja kizima, "Kushoto," namwambia, "kushoto, na fupi, andika fupi, lakini usikate kwanza, nipe hicho kama kilivyo, taulo na vyote," "Wazi hivyo?" "Wazi hivyo, mwenye kukifunga yuko nje," na Wendell ananiangalia, penseli inarudi sikioni, haguni safari hii, na mimi mkono wangu uko juu ya taulo, sijaondoka bado, lakini nakuja, Baba, acha honi nakuja, na leo siji kukufungia kitu.